Kwa Idrisa, kuhusu mazabodi

Kariakoo, Dar es Salaam

Mwanangu Idrisa,

Picha ya ile mazabodi yenye taa za rangi nimeipata. Inapendeza, sikatai. Lakini kwa fedha uliyonitajia, ukishailipia hiyo hutabakiwa na cha kununulia kadi ya grafiki, na bila kadi gemu utaendelea kulifuata kwa jirani.

Nimekaa na swali lako siku tatu kabla ya kushika kalamu. Najua akiba hiyo umeichanga mwaka mzima kwa twisheni za hesabu, na sitaki iishie kwenye mapambo.

Mazabodi haiongezi kasi ya gemu, mwanangu, au huiongeza kidogo mno. Chukua prosesa ileile, kadi ileile na ramu ileile, uziweke kwenye mazabodi nzima ya bei ya chini, kisha kwenye ya bei mara tatu: gemu litakwenda karibu sawasawa. Kazi ya mazabodi ni kuamua nini kichomekwe leo na nini kiweze kuchomekwa miaka mitatu ijayo. Kwa hiyo usianze nayo. Chagua prosesa na kadi, halafu utafute mazabodi nafuu inayovibeba viwili hivyo bila kuhema.

Kwa mfuko wako mimi ningechukua Ryzen 5 5600. Ina viini sita, imekadiriwa wati 65, na ukiinunua na boksi lake unapata na feni. Inakaa kwenye soketi ya AM4, iliyopokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na hadi 2024 AMD walikuwa bado wanaitolea prosesa mpya. Ndiyo maana mazabodi zake zimejaa madukani, mpya na zilizotumika. Soketi ya AM5 iliyofuata mwaka 2022 ina maisha marefu zaidi mbele yake, ila inakubali ramu ya DDR5 tu. Mimi hapa ninavyo vijiti viwili vya DDR4 vya GB 8 kila kimoja, na nimeshakuwekea. Nitakutumia kwa basi. Vichomeke vyote viwili, katika sloti zinazoelekezwa na kitabu cha mazabodi, maana vikifanya kazi kwa pamoja prosesa inapata data haraka kuliko kwa kijiti kimoja.

Sasa majina yatakayokuchanganya: A520, B450, B550. Hayo ni majina ya chipseti. Kwa upande wako tofauti kubwa ni moja, nayo ni kwamba B550 inazungumza na kadi kwa PCIe 4.0, na hizo nyingine mbili kwa 3.0, yaani nusu ya upana kwa kila njia. Ukipata kadi ya RX 6600, ambayo inatumia njia nane, upungufu huo hutauhisi sana na B450 inakutosha kabisa. Akija mtu kukushawishi uchukue RX 6500 XT kwa kuwa ni rahisi, kataa. Ile ina njia nne tu na kumbukumbu ya GB 4, na kwenye mazabodi ya 3.0 inakabwa koo. Ni afadhali usubiri miezi miwili uongezee.

Kuhusu BIOS, yaani programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi, nisikilize vizuri. Mazabodi za B450 zilitoka mwaka 2018, na prosesa yako ilitoka 2022. Mazabodi iliyokaa dukani na BIOS yake ya zamani haiijui prosesa hiyo. Utawasha, feni zitazunguka, kioo kitabaki cheusi, na utaambiwa kitu kimekufa wakati ni kizima. Inabidi BIOS isasishwe kwanza. Baadhi ya mazabodi zina kitufe nyuma cha kuisasisha kwa flashi, hata prosesa ikiwa haijawekwa. Ukiikuta yenye kitufe hicho kwa tofauti ya elfu ishirini, ilipe bila kusita.

Lakini usiifanye kazi hiyo umeme ukiwa wa kubahatisha. Mwaka wangu wa pili katika ufundi nilikuwa nasasisha mazabodi ya mteja, umeme ukakatika katikati. UPS ilikuwepo mezani, ila betri yake ilikuwa imechoka na sikuwa nimeipima. Mazabodi haikuwaka tena. Wakati huo sikuwa na kifaa cha kuandika upya chipu ya BIOS, nikamnunulia mteja nyingine kwa fedha ya kodi ya chumba. Tangu siku hiyo sisasishi BIOS bila kwanza kuchomoa UPS ukutani na kuhakikisha inashika. Kwa hiyo mwambie fundi wa huko Mwanza akuwashie mazabodi ikiwa na prosesa yako ndani, mbele ya macho yako, kabla hujatoa hela.

Umeniuliza pia kuhusu kompyuta za ofisini zilizotumika, zile zinazoletwa kwa makontena. Kwa kazi za shule ni nzuri mno, na nimewauzia wengi. Kwa gemu zina mtego. Nyingi zina mazabodi iliyokatwa kwa umbo la kasha lile tu, na plagi ya umeme si ile ya pini 24 tuliyoizoea, kwa hiyo siku ukitaka kubadilisha pawasaplai hutaweza hivi hivi. Sloti ya kadi yenyewe inatoa wati 75 tu, na RX 6600 inataka waya wake wa pini nane ambao pawasaplai ile mara nyingi haina. Utajikuta umenunua kitu usichoweza kukiongeza.

Ukiwa dukani, tazama kando ya soketi. Pale kuna mstari wa vipande vidogo vinavyoshusha volti 12 za pawasaplai hadi volti moja na kidogo ambazo prosesa inaweza kuzila. Vinapata joto, na joto letu unalijua. Penda mazabodi iliyovifunika kwa bati la kupoozea. Kwa wati 65 si sharti, ila ukija kupandisha prosesa utashukuru. Hesabu sloti za ramu, nne ni bora kuliko mbili. Hakikisha kuna tundu la M.2 la SSD. Wi-Fi usiilipie, kwa kuwa umesema ruta iko chumbani mwako. Na umbo dogo la Micro-ATX halina ubaya wowote.

Kama imetumika, inuse. Harufu ya kuungua haifichiki. Tafuta kapasita zilizovimba kichwa na kutu ya kijani kwenye viungio. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa, si kwenye mazabodi, kwa hiyo muuzaji akitaka kuitoa prosesa yake iliyomo, mwombe awashe kwanza dakika kumi ili gundi ya joto ilainike, kisha azime na azungushe feni kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua. Akiivuta kwa nguvu prosesa hung'oka pamoja na feni, pini zikapinda, na mtaanza kugombana.

Ukiipata, nipigie picha tatu kabla ya kulipa: soketi, viungio vya nyuma, na kibandiko cha jina la modeli na toleo lake. Jumamosi nafunga saa nane, baada ya hapo simu itakuwa mkononi.

Msalimie sana mama yako. Mwambie vitenge vyake vitakuja kwenye mzigo mmoja na ramu, asivifungue kwa kisu.

Ni mimi mama yako mdogo,
Rehema