TUISOME ARDHI KABLA YA KUIJENGA

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, lakini maana yake hasa niliipata mwaka jana mtaani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa.

Nyumba moja kuukuu ya mawe ya matumbawe ilibomolewa ili pajengwe ghorofa. Tingatinga likaanza kuchimba msingi, na sisi vijana tukasimama kando kutazama. Katika mchanga uliokuwa ukitiwa kwenye lori niliona vigae, vingine vyekundu vya vyungu, vingine vyeupe vyenye maua ya buluu. Nikamwuliza msimamizi, "Mzee, hivi haviokotwi?"

Akacheka. "Kijana, hizo ni takataka! Kwani wewe wataka dhahabu?"

Lori likaenda zake. Bibi mmoja jirani yetu akaniambia, "Mwanangu, nyumba watajenga nyingine. Lakini mchanga ule, nani tena atauchambua?"

Swali hilo lilinipeleka kwa mwalimu wetu wa historia, kisha Fort Jesus. Kumbe iko kazi maalumu ya kukagua kiwanja cha mjini kabla hakijajengwa upya!

Kwanza, wataalamu hukusanya ramani na picha za zamani, na habari za yaliyochimbuliwa jirani. Kwa Mombasa habari hizo si haba. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 akaeleza misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ufundi. Wareno waliuteketeza mji mwaka 1505, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Katika miaka ya 1970, Hamo Sassoon alichimba karibu na hospitali kuu, kaskazini mwa Mji wa Kale, akakuta mabaki ya makazi ya tangu miaka elfu moja hivi iliyopita.

Pili, huuliza ni nini kilichokwisha kuharibiwa. Msingi mrefu wa jengo la juzijuzi au mtaro wa maji machafu huenda umekula kila kitu. Hapo ripoti husema wazi: jengeni, hapana kitu.

Tatu, huchimba mashimo machache ya majaribio. Hapo hawatafuti dhahabu, bali matabaka ya udongo. Nyumba ya miti na udongo ikioza huacha madoa meusi tu pale zilipokuwa nguzo zake. Kigae kikiwa mahali pake husaidia kujua umri wa tabaka lake. Kikishatiwa kwenye lori, basi, ni kigae tu.

Mwisho hutoa ushauri: kazi iendelee, au msingi usogezwe, au pachimbwe polepole kwanza ndipo pajengwe.

Wako wasemao kwamba sisi twawapenda wafu kuliko walio hai. Nyumba zinahitajika, hilo halina ubishi. Kwetu twalala wanne chumba kimoja, najua shida yake. Lakini ukaguzi haumkatazi mtu kujenga. Tena humfaa mwenye kiwanja mwenyewe, kwani ni afadhali ajue mapema kuliko kusimamisha kazi katikati huku mafundi wanangoja malipo.

Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi yamtaka mtu aliyegundua kitu cha kale atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7. Ni vizuri, lakini habari hiyo huja baada ya jembe. Ukaguzi hutangulia jembe.

Ndugu zangu wanafunzi, kesho baadhi yetu tutakuwa mainjinia, wachoraji wa majengo na madiwani. Karatasi za ujenzi zitapita mikononi mwetu. Kabla hujatia sahihi, uliza: kiwanja hiki kimekaguliwa? Kitabu hiki cha ardhi kina nakala moja tu, na hakuna duka litakalotuuzia nyingine.