Faraja Iliyonifikia Mbali na Kaburi la Mama

Kila familia inayoishi ughaibuni inaijua simu ya usiku. Mchana tunapigiwa simu za salamu, za ada ya shule na za paa linalovuja. Simu ya saa tisa usiku haina salamu ndefu. Yangu ilinikuta Sheffield, Uingereza, mwezi wa Novemba, na aliyepiga alikuwa dada yangu mkubwa. Nyumbani Kilimanjaro ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri. Mama alikuwa amefariki usiku huo, kitandani kwake.

Najua wengi wenu mnaosoma jarida hili mmewahi kuzika kwa simu. Ndiyo maana naandika. Nataka kuwaeleza jinsi imani ilivyonishika mkono katika siku zile, na pia jinsi maneno mengine yanayosemwa kwa jina la imani yalivyoniumiza.

Sikuweza kwenda kuzika. Ombi letu la kuongezewa muda wa kukaa lilikuwa bado linasubiri majibu, na kwa sheria ya hapa ukitoka nchini kabla ya kujibiwa, ombi lako linahesabika kuwa umeliondoa. Mume wangu na watoto wetu wawili walikuwa ndani ya ombi hilohilo. Tulikaa mezani mpaka kukacha, tukipiga hesabu ambayo haikuwa na jibu zuri. Mwishowe Baba ndiye aliyepiga simu. Akaniambia, "Mwanangu, mama yako hakukulea ili uje uharibu maisha ya watoto wako kwa ajili ya jeneza. Kaa huko. Sisi tutamzika, nawe utakuja siku yako." Nilitii, ila uchungu ulibaki palepale.

Siku ya maziko ibada ilianza saa tano asubuhi, ambayo huku kwetu ni saa mbili. Nilikaa sebuleni na simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Niliiona kwaya ya akina mama, ambayo Mama aliimba sauti ya pili kwa miaka mingi, wamevaa vitenge vyao vya sare. Niliona kaburi limechimbwa kihambani, katikati ya migomba, karibu na la Bibi. Mtandao ulikatika mara mbili ukarudi. Msemaji wa familia alipowaita watoto wa marehemu kuweka mashada ya maua, alilitaja jina langu, na mtoto wa dada yangu akasogea kwa niaba yangu. Niliuona mgongo wake tu, kisha picha ikaganda. Iliporudi, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa.

Simu za pole zilikuwa nyingi, na nazishukuru zote. Lakini wengi waliniambia, "Usilie, Mkristo halii kama watu wasio na tumaini." Niliposikia hivyo kwa mara ya nne nilianza kujificha bafuni nikitaka kulia. Nilijiona kama mtu anayemwaibisha Mungu kwa machozi yake.

Basi nikaifungua Biblia mwenyewe. Maneno yale yanatoka katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wathesalonike, sura ya nne. Niliyasoma polepole. Paulo hakuwakataza wafiwa kulia. Alitaka huzuni yao iwe na tumaini ndani yake, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nikaenda Injili ya Yohana, sura ya 11, penye habari za Lazaro. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Yesu kwamba kama angekuwepo, ndugu yao asingekufa. Hapo nilisimama. "Kama angekuwepo." Sisi tulio mbali tunalijua neno hilo kuliko watu wote, maana tunajiambia wenyewe kila siku: kama ningekuwepo. Yesu hakuwakemea dada wale. Alijua kwamba muda mfupi baadaye angemwita Lazaro atoke kaburini, na bado alilia pamoja nao.

Nikasoma pia Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo zinaanza na kilio na kumalizika kwa shukrani. Hiyo inaanza gizani na kuishia gizani, na bado imo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Nilipumua. Kumbe naruhusiwa kuomba bila kuwa na mwisho mzuri wa kusema. Usiku huo nilimwambia Mungu kila kitu, pamoja na hasira yangu, nikalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu simu ya dada.

Faraja nyingine ilikuja na masufuria. Ushirika wetu wa Waswahili tunaabudu Jumapili alasiri katika kanisa tunaloazima kwa Waingereza. Tuko Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Kwa wiki nzima walikuja kwetu kila jioni, na chai, wali, maharage na sombe. Viti havikutosha, watu wakakaa kwenye zulia. Jirani yetu Mwingereza aliuliza kama tuna sherehe. Alipoelezwa, alirudi na maua, akaketi nasi bila kuelewa neno hata moja.

Kati yao alikuwepo mama mmoja kutoka Kivu. Alikimbia vita, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na hajui baba yake alizikwa wapi, wala kama alizikwa. Yeye hakuniambia ninyamaze. Alinishika mkono akasema, "Lia tu, mama. Sisi tuko hapa." Baada ya muda akaniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikawasimulia jinsi alivyoimba kwa sauti kubwa kuliko mwalimu wa kwaya alivyotaka, na jinsi alivyofunga sadaka kwenye pindo la khanga kwa fundo gumu, kiasi kwamba kapu la sadaka lilimpita kila Jumapili akiwa bado anafungua. Tulicheka wote, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa katika uso mmoja.

Kisha wakaimba "Yesu kwetu ni rafiki". Baadaye nilipata habari za mtunzi wake, Joseph Scriven, mzaliwa wa Ireland. Mchumba wake alizama majini wakiwa karibu kufunga ndoa. Alihamia Kanada, na huko mchumba wake wa pili akafa kwa ugonjwa. Inaelezwa kwamba mwaka 1855 aliyaandika maneno yale kumfariji mama yake, aliyekuwa mgonjwa ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo wimbo tunaouimba kwenye misiba yetu ulianza kama barua ya mtoto aliye ughaibuni kwa mama yake wa nyumbani. Tangu nijue hivyo, siuimbi tena kwa haraka.

Mwaka uliofuata karatasi zetu zilitoka, nikaenda. Baba alikuwa amepanda masale kuzunguka kaburi. Tulisimama pale kimya, kisha akasema, "Mama yako alijua utakuja." Nililia sana, na moyoni nilikuwa na furaha. Furaha ile haikufuta msiba. Ilitokana na kuamini kwamba kaburi lile halikumaliza habari zangu na Mama, kwa sababu Kristo alitoka katika la kwake.

Kwako uliyefiwa mbali na kwenu, hasa wewe mwanafunzi unayeishi chumba kimoja peke yako: usijifungie. Mpigie mtu mmoja aje akae nawe, hata kama hamtazungumza. Waombe wa nyumbani walitaje jina lako kwenye maziko na wamchague mtu wa kuweka shada au udongo kwa niaba yako. Mwambie Mungu ukweli wote. Nanyi mnaokwenda kuwapa pole wengine, acheni kuwanyamazisha. Pelekeni chakula, ulizeni marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na mkae hadi mtakaposikia majibu.

Mungu wa faraja awe pamoja nanyi nyote.