Kachumbari ya matunda yenye viungo: iweke sahani moja na maharage yako

Leo tuache kidogo mbolea na palizi, tuongee kuhusu sahani yako.

Hapa Namswea na vijiji vya jirani chakula cha kushibisha tunacho. Mahindi yapo, maharage ya kwenye ngoro yapo, ndizi na mihogo ipo, na usipa wanapanda kutoka Mbamba Bay. Kinachokosekana mezani ni tunda. Nikipita mashambani nakuta mapera yameoza chini ya mti na mapapai yanaliwa na ndege. Tunda tumeliacha kuwa la watoto wanaotoka shule. Mtu mzima anakula ugali na maharage, anashushia chai au kahawa, basi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo haina njaa ya mahindi. Udumavu una sababu nyingi, lakini somo mojawapo liko wazi: kujaza tumbo ni jambo moja, kulisha mwili ni jambo jingine.

Mimi somo hili lilinifikia nyumbani. Mke wangu akiwa na ujauzito wa mtoto wetu wa pili, kliniki walimpima wakakuta damu imepungua. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, kisha muuguzi akamuuliza, "Mama, maharage unayala pamoja na nini?" Akatueleza kuwa maharage yana madini ya chuma, ila mwili huyafyonza kwa shida. Ukila kitu chenye vitamini C kwenye mlo huohuo, kama limau, pera au papai, mwili hufyonza zaidi. Chai na kahawa hufanya kinyume, huzuia. Sisi watu wa Mbinga kahawa ndiyo ada yetu ya shule, kwa hiyo sisemi uiache. Kunywa saa moja au zaidi baada ya kula.

Mke wangu alimeza vidonge vyote kama alivyoelekezwa, na damu ilipanda. Sidai kuwa kachumbari ndiyo iliyomtibu. Lakini tangu wakati ule bakuli la matunda na mboga halijatoka mezani kwetu.

Namna ya kuliandaa tumeiga kwa Wahindi. Hata neno kachumbari asili yake ni huko India. Wenzetu hawaishii kwenye nyanya na kitunguu. Huchanganya matunda na mboga, wakakamulia limau na kunyunyiza viungo vilivyokaangwa. Faida yake ni kwamba ladha inatoka kwenye limau na viungo, hivyo chumvi inatosha kidogo na sukari haihitajiki kabisa.

Mahitaji kwa watu 6
- Papai nusu, lililoiva lakini bado gumu kidogo
- Mapera 2 (au embe 1 wakati wa msimu)
- Ndizi mbivu 1
- Tango 1, karoti 1, nyanya 2, kitunguu nusu
- Parachichi 1
- Malimau 2
- Binzari nyembamba kijiko kimoja cha chai
- Pilipili manga na chumvi, robo kijiko cha chai kila kimoja
- Majani ya giligilani na pilipili kali kidogo, ukipenda

Binzari nyembamba ni zile mbegu ndogo za kahawia ambazo Wahindi huziita jira. Usichanganye na binzari ya manjano. Giligilani unaweza kuiotesha mwenyewe karibu na jiko.

Jinsi ya kuandaa
1. Kaanga binzari bila mafuta, moto mdogo, dakika 1 hadi 2. Ikinukia, epua haraka isiungue, kisha itwange.
2. Osha kila kitu kabla ya kumenya, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya ziwa hata yakionekana meupe kama kioo, yachemshe.
3. Tumia kisu na ubao ambavyo havijagusa nyama wala samaki wabichi.
4. Katakata vipande vidogo vinavyolingana. Ndizi na parachichi weka mwisho, ukamulie limau mara moja visigeuke rangi.
5. Nyunyiza binzari na pilipili manga. Chumvi weka wakati wa kula, kwa sababu huvuta maji na kachumbari hulegea.

Usipike wala kupasha moto, maana moto hupunguza vitamini C. Parachichi usiliruke. Karoti, papai na embe vina kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na mafuta ya parachichi husaidia kukifyonza. Na ukipata pera, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Mtoto aliyefikisha miezi 6 pondea papai au parachichi bila chumvi wala pilipili. Chini ya hapo ni maziwa ya mama tu. Mwenye kisukari au shinikizo la damu afuate kiasi alichoelekezwa na mhudumu wa afya.

Kwa wafanyabiashara
Wakati wa msimu maembe ya mwambao hupanda Mbinga kwa barabara ya lami, na yakizidi bei huanguka. Bakuli la kachumbari ya matunda siku ya mnada linaweza kuwa na faida kuliko fungu la maembe juani. Ila mambo manne uyashike. Kata kidogo kidogo kadiri wateja wanavyokuja. Funika muda wote, nzi ni adui. Kilichobaki jioni usikiuze kesho. Na kabla ya kuanza, muone afisa afya akupe utaratibu wa kupima afya yako, kwa sababu chakula kibichi kikishikwa na mikono michafu kinaweza kuleta kipindupindu.

Piga hesabu kwanza: jumlisha gharama ya matunda, viungo, usafiri na ushuru, gawanya kwa idadi ya mabakuli, ndipo upange bei. Anza na mabakuli 10 uone soko.

Kwa wewe mkulima, wiki hii fanya jambo moja tu. Siku utakayopika maharage, okota mapera kabla hayajaoza, tafuta limau, andaa bakuli moja la familia nzima. Baba naye ale, siyo watoto peke yao. Nikipita shambani kwako nitauliza hali ya mahindi, kisha nitauliza maharage mmeyala na nini.