Urithi wa Kuta na Haki ya Wakaaji

Katika mazungumzo juu ya maendeleo ya taifa letu husikika mara nyingi swali hili: yafaa nini kuzitunza kuta za kale hali wananchi wengi hawana nyumba za kukaa, vijana hawana kazi, na maji ya bomba hayafiki kila mtaa? Swali hili si la kubezwa. Anayeliuliza si adui wa utamaduni. Aghalabu ni mtu aliyechoka kuona mali kale zikisifiwa katika hotuba ilhali yeye mwenyewe hafaidiki nazo kwa lolote. Sisi tunaoamini kwamba mambo ya kale yastahili kuhifadhiwa tunawiwa jibu, na jibu hilo haliwezi kuwa sifa tupu za uzuri wa milango iliyonakshiwa.

Tanganyika ilipokuwa jamhuri mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tangu siku zile tumezoea kuuona utamaduni wetu katika ngoma, lugha na mavazi. Nyumba hatukuzitia sana hesabuni. Nyumba kwetu zimekuwa ama mali ya mtu, ama kazi ya idara fulani. Lakini nyumba nayo ni kauli: hutuambia watu waliishije, nani alikuwa bwana na nani mtumwa, na fundi alijua nini. Basi na tuutazame Mji Mkongwe wa Zanzibar, mahali ambapo haja ya kuhifadhi na haja ya kuishi zinakutana chini ya dari moja.

Majengo mengi ya mji ule ni ya karne ya 19. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa udongo na chokaa. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Vichochoro ni finyu, hivyo upande mmoja wa nyumba huutilia kivuli upande wa pili, na upepo wa bahari hupenya katikati. Nje ya mlango pana baraza, ambapo jirani na mpita njia huketi bila kualikwa. Leo tunapojenga vijumba vya matofali ya saruji vyenye mabati yanayochoma kama kikaango, na kisha tukatafuta umeme wa kuvipoza, tungefanya vema kuwauliza waashi wa zamani walichokijua juu ya jua letu.

Wapo watakaosema kwamba nyumba zile ni za mabwana. Zilijengwa kwa utajiri wa karafuu na wa biashara ya watumwa, na kwa hiyo wana wa Mapinduzi hawana sababu ya kuzililia. Hoja hii ina uzito. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali pale pale. Haitupasi kulificha jambo hilo ili mgeni afurahi. Hata hivyo, mawe yale yalichukuliwa vichwani na mabegani mwa nani? Boriti zilikatwa na nani katika mikoko, na chokaa ilichomwa na mikono ya nani? Bwana aliagiza tu. Wavuja jasho ndio waliojenga. Kuiacha nyumba ianguke ili kumwadhibu bwana aliyekufa zamani ni kuifuta alama ya pekee iliyoachwa na wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Uhifadhi ulio wa kweli husimulia yote mawili, nakshi na minyororo, na jamii isimuliwayo ukweli wake huweza kukaa pamoja kwa amani zaidi kuliko ile iliyofichwa.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa serikali, na familia za watu wa hali ya chini zikapata kukaa mahali ambapo zamani zisingethubutu kuvuka kizingiti. Hiyo ilikuwa haki. Lakini haki ile haikufuatwa na matunzo. Nyumba ya familia moja ikagawanywa kwa familia nyingi. Kodi ikawa ndogo mno kuweza kutengeneza paa. Na kilicho cha wote, yaani ngazi, paa na mifereji, kikawa si cha mtu. Nyumba ya matumbawe ina adui mmoja mkubwa, naye ni maji. Bati moja likitoboka, maji huteremka ndani ya ukuta, udongo huyeyuka, ncha ya boriti huoza, na ghorofa nzima hulemea upande mmoja.

Tuliwahi kuingia katika nyumba moja ya namna hiyo, wenzetu wakiwa na daftari na utepe wa kupimia. Ghorofani tulimkuta bibi mmoja aliyekuwa amepanga masufuria sakafuni kukinga mvua. Tulimwamkia, akatuitikia kwa upole, akatutazama tulivyokuwa tukipima nyufa, kisha akasema: "Wanangu, mmekuja kuihifadhi nyumba. Na sisi tuliomo ndani, tunahifadhiwa na nani?" Hatukuwa na la kumjibu siku ile ila kumwambia kwamba tumesikia. Tangu hapo swali lake limekuwa kipimo chetu. Mpango wowote wa uhifadhi usioweza kulijibu, hata ukiwa na ramani nzuri namna gani, ni mpango wa kuhifadhi maganda.

Si kwamba hapakufanyika kitu. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wakaja kwa wingi, na fedha zikaja nao. Ila fedha nazo zina njia zake. Nyumba iliyokuwa ya makazi hugeuka hoteli. Duka la mchele na mafuta ya taa hugeuka duka la vinyago. Mpangaji huhamia ng'ambo, na kila asubuhi hurudi mjini kama mfanyakazi katika mtaa aliokuwa jirani. Mji ukiwatoa watu wake, baraza hubaki lakini wa kuketi hayupo. Mgeni atapiga picha ya mahali ambapo utamaduni ulikuwapo.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Msiba huu ulikumbusha kwamba majengo haya hayasubiri. Ulikumbusha pia thamani ya ujuzi. Chokaa huhitaji tanuu, kuni na subira: mawe huchomwa, hutiwa maji, kisha chokaa huachwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Mwashi asiye na subira hukimbilia saruji. Lakini ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu na kuutoa. Ukipakwa lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani pamoja na chumvi, na ukuta huoza huku uso wake uking'aa. Wanaojua kazi ya chokaa wamekuwa wachache, na pembeni mwao wamejaa vijana wasio na kazi. Hapa tatizo mbili zina dawa moja. Kijana akifunzwa uashi wa chokaa, useremala wa milango na utengenezaji wa dari, atapata riziki, na mji utapata tabibu.

Mfano wa pili tunao bara, huko Kilwa Kisiwani, mji aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331. Magofu ya Kilwa na ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, maana bahari ilikuwa ikila ufuko na kuta zilikuwa zikianguka. Kilichosaidia hakikuwa uzio wa kuwafukuza wanakijiji. Mikoko ilipandwa, vizuizi vya mawe vikawekwa ufukweni, na wakaaji wa visiwa wakashiriki katika kazi ya kuzitengeneza kuta. Mwaka 2014 magofu yale yaliondolewa katika orodha ya hatari. Mikoko hiyohiyo huwapa hifadhi samaki ambao mvuvi huwategemea. Mtu akiona kwamba gofu na chungu chake vinalindwa na mti mmoja, hatahitaji kuhimizwa na askari.

Kutokana na hayo twaona mambo matatu yanayopasa kutiliwa mkazo. Kwanza, ukarabati wa nyumba ya makazi uanze kwa kumhakikishia mpangaji kwamba atarudi humo, kwa kodi anayoiweza. Pili, kila kazi ya ukarabati iwe pia darasa, ili fundi mzee asizikwe na ujuzi wake. Tatu, sehemu ya mapato yaletwayo na wageni irudi wazi katika mapaa, mifereji na vyoo vya mitaa ileile inayowavutia wageni hao, na wakaaji waonyeshwe hesabu.

Hayo hayahitaji miujiza. Yanahitaji tuache kuugawa urithi na maisha kana kwamba ni mafungu mawili ya bajeti yanayogombana. Bati jipya juu ya chumba cha yule bibi ni kazi ya makazi, ni kazi ya afya, na ni kazi ya utamaduni wa taifa. Na mvua za masika haziahirishwi kwa sababu vikao vyetu havijaisha.