Sarafu na Mahali Pake

Kitu kidogo kina adui wawili: apuuzaye na atamaniye. Apuuzaye hukikanyaga akapita. Atamaniye hukiokota akaondoka nacho. Watu wengi humwita wa kwanza mjinga na wa pili mwerevu. Kwa sarafu za kale, nionavyo mimi, mambo ni kinyume. Apuuzaye huiacha sarafu ilipo, na sarafu iliyo mahali pake haijapotea.

Siku hizi imeenea mashine ya kutambua madini yaliyofichwa ardhini. Umbo lake ni fimbo yenye duara mfano wa sahani, na sahani hiyo hupeleka nguvu ya sumaku chini ya udongo. Ikikuta shaba, fedha au dhahabu, madini hujibu, na mashine hulia. Nchini kwetu yatumiwa na watafuta dhahabu; kadhalika yatumiwa na wale waaminio kuwa Wajerumani waliacha rupia zimezikwa chini ya maboma na miti mikubwa. Mashine yenyewe haina hatia. Mchimbuzi wa mambo ya kale aweza kuitumia kwa elimu, na mwizi aweza kuitumia kwa tamaa. Lakini kilio chake ni kimoja tu: husema kitu kipo, wala haisemi kitu hicho kina maana gani.

Maana hiyo hutoka wapi? Natutazame sarafu za Kilwa. Zilizo nyingi ni za shaba, nyepesi na ndogo. Upande mmoja zina jina la mfalme, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu. Na pande mbili hizo hutiwa kina kimoja. Kwa mtu aliyezoea ushairi wetu, huo ni ubeti mfupi uliofuliwa katika shaba, ambao mchuuzi wa samaki aliutia mfukoni pasipo kujua kuwa amebeba shairi. Walakini sarafu hizo hazina mwaka, wala hazina jina la mji. Ukiitoa moja udongoni ukaiweka mezani, itakuambia jina la mfalme, kisha itanyamaza. Yaliyosalia yamo katika udongo ilimotoka: ililala juu ya sakafu au chini yake, pamoja na kigae gani, karibu na kaburi la nani.

Mfano mzuri ni ule wa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 wachimbuzi walipata hapo sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizozikwa pamoja na dinari chache za dhahabu. Za fedha hazikuwa na mwaka, lakini miongoni mwa dinari zilikuwamo za Wafatimi wa Misri, ambao desturi yao ilikuwa kuandika mwaka, na ya mwisho yafikia miaka ya 1060. Katika zile za fedha lilikuwamo jina la Ali bin al-Hasan, mfalme ambaye wataalamu walikuwa wakimweka karibu na mwaka 1200. Kwa sababu sarafu zilikutwa pamoja, walilazimika kumrudisha nyuma kwa zaidi ya miaka mia moja. Lau mtu mmoja angalitangulia na mashine usiku, akauza dhahabu kwa sonara na fedha kwa mtalii, kila sarafu ingalikuwapo duniani hata leo, lakini habari ile isingalikuwapo.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, akiwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yao, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Kiholanzi na tano za Kilwa. Aliziweka, na hazikupelekwa kwa wataalamu mpaka mwaka 1979. Tangu hapo wameshindana: je, zililetwa na mabaharia wa kale, au na Wareno, au na mvuvi wa juzi? Ushindani haukwishi, kwa maana ziliinuliwa bila kuandikwa zilivyolala. Sarafu za Kilwa zilivuka bahari nzima. Ushahidi wake ulipotea katika kuinama na kuinuka kwa mtu mmoja.

Nilipata kuwaeleza wanafunzi wangu mambo haya katika magofu ya Songo Mnara, mji ulioachwa na wenyewe katika karne ya 16. Kijana mmoja alikuwa akisikiliza kando. Tulipomaliza alinijia, akaniamkia, “Shikamoo mwalimu.” Nikamjibu, “Marahaba, mwanangu.” Akafungua karatasi, akanionyesha sarafu mbili za shaba, akauliza bei. Nilimwambia kuwa siwezi kuzinunua, na kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba vitu hivyo bila kibali. Akatabasamu bila hasira.

“Mwalimu,” akasema, “nyinyi mwachimba kwa kibali, sisi twachimba kwa njaa. Zenu zaenda makumbusho, zangu zaenda sokoni. Zote zaondoka kisiwani. Tofauti ni nini?”

Swali hilo lastahili jibu la haki. Tofauti ipo: mchimbuzi mwaminifu huandika kina, tabaka na majirani wa kila kitu kabla ya kukiinua, hata mtu wa kesho aweze kusoma tena alichosoma yeye. Lakini kijana yule ana nusu ya haki. Maarifa yaliyotoka katika udongo wa Kilwa na Songo Mnara yameandikwa kwa wingi katika Kiingereza, katika vitabu ambavyo bei yake yashinda mapato ya mvuvi kwa mwezi. Aliyenyimwa maana ya kitu hubakiwa na bei yake tu; naye akiuza, auza kile alichoachiwa.

Basi sheria peke yake haitoshi, wala mahubiri hayatoshi. Yafaa habari za sarafu hizi ziandikwe katika lugha ya waliozitumia, zisomwe katika shule za Kilwa na Pemba, na wenyeji wapewe kazi na ujira katika kulinda na kuonyesha magofu. Nawe msomaji, ukibahatika kuona duara la kijani likichungulia udongoni, usiliinue. Weka alama, andika mahali, kawaarifu wahusika wa mambo ya kale. Sarafu iliyongoja miaka mia sita haitachoka kukungoja wiki moja.