Nuhu Alijenga Kabla ya Mvua



Mwaka 1970 kimbunga kiliua watu zaidi ya 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Siku hizi kimbunga kikikaribia, watu wa kujitolea hupita vijijini na vipaza sauti na bendera, na maelfu huhamia majengo imara. Vifo vimepungua sana. Japani nao, kila Septemba 1, hufanya mazoezi ya kujiokoa.

Na sisi? Mafuriko ya 2024 tuliyaona Mathare na Mai Mahiu. Tulilia, tukachanga, tukaomba. Ni vyema. Lakini bado kuna mpendwa anayeishi kando ya mto, anaonywa ahame, anajibu, "Mungu atanilinda."

Mpendwa, je, kama lile onyo ndilo ulinzi wenyewe? Nuhu alikuwa mtu wa imani, na alijenga safina kabla tone la kwanza halijaanguka.

Ukiambiwa hama, hama. Beba watoto, dawa, kitambulisho, na yule shosho jirani asiyeweza kukimbia. Kanisa liko wazi, hata usiku wa manane.

Sema Amina, kisha mpigie simu mmoja anayeishi karibu na mto. Barikiwa.