Sindano za Kurudisha Ujana: Tuzipime Kabla ya Kuzipokea

Hapana mtu apendaye kuzeeka. Magoti yakianza kulia, macho yakipungua nuru, na vijana wa mtaani wakianza kutuamkia kwa jina la babu na bibi, moyo hutafuta njia ya kurudi nyuma. Kila zama zilikuwa na dawa yake ya ujana, na kila dawa ilikuwa na muuzaji wake. Dawa ya zama hizi ni sindano ziitwazo peptidi, na khabari zake zimekwisha vuka mjini na kufika mashamba, hata huku kwetu Kizimbani.

Zimetufikia kwa simu za mkononi na kwa masanduku ya jamaa warudio kutoka Dubai na Maskati. Katika nyumba moja ya ukoo wetu vililetwa vichupa vya unga mweupe, vilivyonunuliwa kwa fedha zilizokuwa akiba ya Umra. Aliyekusudiwa ni mama mtu mzima, mgonjwa wa sukari, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akijidunga insulini. Mwanawe aliyevileta hakuwa na nia mbaya. Alitaka mama yake apate nguvu. Lakini alimwambia kuwa akiizoea sindano mpya, huenda ile ya zamani asiihitaji tena. Hapo ndipo tulipoitwa kutoa shauri, nasi tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu tuliyoyapima, kwani jambo hili laweza kubisha hodi katika nyumba yoyote.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, nazo asidi amino ndizo zijengazo protini tuipatayo katika samaki, nyama na kunde. Mwili wenyewe hutengeneza peptidi nyingi, nazo hupeleka amri kutoka kiungo kimoja hata kingine. Insulini nayo ni peptidi. Kwa hiyo jina hili peke yake halina la kututisha. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 akadungwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu na kufa kwa ugonjwa wa sukari. Sindano ya kwanza haikumfaa, kwa kuwa dawa haikuwa safi. Wataalamu wakarudi kuisafisha, na siku 12 baadaye akadungwa tena, sukari ikashuka. Tangu siku hizo dawa hiyo imepimwa kwa wagonjwa wasiohesabika, na kipimo chake, faida zake na khatari zake zajulikana.

Ama hizi ziuzwazo kwa jina la ujana, hali yake ni mbali na hiyo. Chukua ile iitwayo BPC-157, mnyororo wa asidi amino 15. Sehemu kubwa ya yanayosemwa juu yake yametokana na majaribio ya panya; majaribio ya watu ni machache mno na madogo. Mwaka 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliitia, pamoja na nyenzake kama CJC-1295 na ipamorelin, katika orodha ya vitu vyenye kutia shaka ya usalama. Miongoni mwa yaliyokhofiwa ni uchafu unaoweza kubaki ndani ya dawa, na mwili kuishambulia dawa kama adui.

Vichupa tulivyoonyeshwa vilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Mjukuu asomaye skuli akayasoma kwa sauti: ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Yule mama akauliza, "Kumbe mimi wameshanitoa katika watu?" Tulicheka, lakini swali lake lilitosha kuwa hukumu. Vichupa havikufunguliwa, naye akabaki na insulini yake.

Sisi wa Kizimbani hatuna udhuru wa kutojua maana ya jaribio. Hapa ndipo penye kituo cha utafiti wa kilimo. Mwaka 2007 wakulima wa Zanzibar walipewa mbegu nne za muhogo zenye kustahimili maradhi, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Mbegu haitolewi kwa sababu mtu mmoja amesifu. Hupandwa kando ya mbegu ya zamani, ardhi moja, mvua moja, palizi moja. Hurudiwa mahali mbalimbali. Kisha muhogo hung'olewa, hutiwa mizanini na hukatwa ukatazamwa ndani. Kukatwa huko ni lazima, kwani ugonjwa wa michirizi kahawia waweza kuoza mizizi hali majani yanapendeza. Basi ikiwa shina la muhogo halimfikii mkulima ila baada ya haya yote, mwili wa mama yetu utatiwaje kitu kisichopita hata nusu ya njia hiyo?

Wauzaji hujibu kwa shuhuda: fulani alijidunga, sasa anatembea kama kijana. Shuhuda tumeziona. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aliwanywesha watu kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Watu wa kila dini walimiminika kutoka pande zote za Tanzania na nchi jirani. Wengine walifia njiani, na wengine waliacha dawa zao za hospitali. Waliojiona nafuu walisimulia kwa furaha. Waliokufa hawakurudi kutoa ushahidi wao. Ndiyo maana shuhuda peke yake haitoshi, hata ikiwa msemaji ni mkweli.

Tena ziko peptidi zinazouamrisha mwili utoe homoni ya ukuaji kwa wingi. Mwaka 1990 daktari Daniel Rudman na wenzake wa Marekani walitangaza kuwa wanaume wazee 12 waliodungwa homoni hiyo kwa miezi 6 walizidi nyama na kupungua mafuta, walipolinganishwa na 9 wasiodungwa. Kwa khabari ya watu 21 ikazuka biashara kubwa. Majaribio zaidi yalipokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2007, faida ilionekana ndogo, na madhara yakawa dhahiri: uvimbe, maumivu ya viungo, ganzi ya mikono, na dalili za sukari kupanda. Na la ajabu zaidi, mwaka 1996 ilichapishwa khabari ya panya vibete waliozaliwa bila homoni hiyo, nao waliishi muda mrefu kuliko wenzao wa kawaida! Huenda basi kinachouzwa kuwa ni ujana kisiwe hata njia ya umri mrefu.

Dini yetu haikutukataza kutafuta dawa. Imepokewa kwa Usama bin Sharik kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaambia waliomuuliza wajitibu, na akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu ameuwekea kila ugonjwa dawa, isipokuwa uzee. Na sharia imembebesha dhamana mwenye kujitia utabibu asiokuwa nao. Muuzaji wa mtandaoni tusiyemjua jina wala mlango, tutamdai wapi dhamana hiyo?

Basi, ndugu zetu, ikiwajia sindano ya namna hii, ulizeni mambo manne. Je, imejaribiwa kwa watu wangapi, na kwa muda gani? Je, ililinganishwa na wasiopewa? Je, imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, au kwa Bara, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Je, daktari amtibuye mzee wenu ameambiwa? Jibu likikosekana, fedha zirudi katika akiba. Wala msikubali kabisa dawa iliyothibitika iachwe kwa ajili ya dawa inayosifiwa tu.

Wazee wetu wanahitaji kutembezwa jioni, kulishwa vyema, kupimwa sukari na presha kwa wakati, na kukaliwa karibu wakazungumzishwa. Tumuombe Mwenyezi Mungu atupe umri wenye manufaa, atukinge na udhalili wa uzee, na awape watoto wetu subira ya kutulea kama tulivyowalea. Amin.